Ramani ya leo na ile ya 2011

Jioni hii hapa Alabama, mimi na wenzangu tunaofuatilia hali ya hewa tumeweka ramani ya utabiri wa wiki ijayo kando ya ile ya 27 Aprili 2011.

Siku ile vimbunga vya tornado viliua watu zaidi ya 300, wengi humuhumu Alabama.

Unyevunyevu kutoka Ghuba ya Meksiko unafanana.

Macho yangu yaliganda kwenye alama za upepo wa juu angani, ule unaosaidia dhoruba kuzunguka na kuzaa tornado. Za 2011 zina vipembetatu vyeusi, kila kimoja kikimaanisha kasi ya zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Za wiki ijayo hazina.

Nikashusha pumzi, ingawa GFS, modeli ya kompyuta ya Marekani ya kutabiri hali ya hewa, hutoa utabiri mpya kila saa sita, na picha inaweza kubadilika.

Ndugu mliokuwepo 2011, mlijificha wapi?