Kugonga mara mbili

Mtoto wa kaka ameanza judo tangu Januari, na judogi yake, lile vazi la mazoezi, naifua mimi, maana mama yake anasema nguo nzito kiasi kile si nguo, ni godoro. Jumapili iliyopita alikuja nayo, kola haijakauka vizuri, akaniomba anilaze sebuleni ajaribu alichofundishwa. Nikajilaza kwenye zulia. Akanipitisha mkono shingoni, akakibana kichwa changu kwapani, akaniegemea kifuani kwa ubavu. Pua yangu ikaangukia kwenye ile kola: sabuni ya mche na jasho.

"Shangazi, kweli mtu akikabwa hivi hawezi kutoka?"

Nikamwambia aniachie, chai inapoa. Chai yenyewe ilikuwa haijachemka.

Judo nami nilijifunza zamani, katika ukumbi wenye magodoro yaliyovikwa turubai. Mwalimu wetu alikuwa Mjapani wa kujitolea, ambaye kwake kila kitu duniani kilikuwa "hii": hii mguu, hii mkono, hii anguka. Wiki sita za mwanzo hatukumwangusha mtu. Tulianguka tu, kidevu kifuani, mkono mzima unapiga godoro, pa! Jirani mmoja alikuja kuuliza tunatwanga nini.

Tukichoka anatupa hadithi. Samurai walipokatazwa kutembea na panga zao mwaka 1876, dunia iliwageuka, na walimu wa jujutsu, ule mchezo wa zamani wa kupigana kwa mikono, nao wakakosa wanafunzi. Wapo waliokuwa wakiishi kwa kuunga mifupa. Kwa hiyo Kano Jigoro, kijana mdogo wa umbo aliyechoka kuonewa shuleni, alipotaka kujifunza alizunguka Tokyo akiwaulizia waunga mifupa. Hapo mwalimu alicheka peke yake: anayejua kurudisha bega, alisema, ndiye anayejua kulitoa. Mwaka 1882 Kano akafungua darasa lake la judo, Kodokan, katika hekalu la Eishoji, mikeka 12 na wanafunzi 9. Yale mapigo ya kuvunja na kulemaza akayatenga, yafanywe kwa mpangilio tu, hatua kwa hatua. Yaliyobaki ni yale unayoweza kumfanyia mwenzako kwa nguvu zako zote, kisha mkarudi nyumbani nyote wazima.

Sisi wasichana watatu tulimpenda zaidi Keiko Fukuda, mjukuu wa mwalimu wa kwanza wa Kano, mwanajudo aliyebakishwa dani ya tano, ngazi ya mkanda mweusi, miaka mingi kwa sababu tu ni mwanamke. Tulikuwa tukimtaja kila tulipoambiwa tukafagie ukumbi.

Sheria moja mwalimu hakuitania kamwe. Mwenzako akikugonga mara mbili, unaachia. Hapo hapo. Humalizii, huulizi kama anatania. Kijana mmoja mwenye mabega kama kabati alichelewa pumzi moja tu, akafukuzwa mwezi mzima. Tulizoezwa mpaka mkono ukawa unafunguka wenyewe, kama jicho linavyojifumba likiona inzi.

Na tulifundishwa kujihami pia, ule mfululizo uliopangwa Kodokan mwaka 1956: mbinu 21, 12 za mtu mwenye mikono mitupu, 9 za mwenye kisu, fimbo au bastola. Nimeelekezewa bastola ya mbao mara nyingi, na kila mara mwenye bastola alinisubiri kwa adabu nimalize. Ya mkoba haikuwemo.

Basi, 2006, Ramadhani inaelekea ukingoni, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hauna pa kukanyaga. Nilikuwa nimenunua nguo za Idi za watoto na mkoba nimeuvaa lubega, kamba inapita kifuani, kama Bi Mkubwa alivyonifunza. Kibaka akauvuta. Kamba haikukatika. Tukabaki tumeunganishwa mimi na yeye kama ng'ombe wa plau, anavuta huku navutwa, watu wanatupisha wakidhani ni ugomvi wa mtu na mchumba wake.

Sikuamua kitu. Mguu wangu ulipita nyuma ya wake, ukakwanyua. Kwa Kijapani ni osoto gari, kwetu ni mtama. Akaenda chali na mimi juu yake, na mwili ukajipanga ulivyofundishwa: kesa gatame. Kesa ni vazi la watawa wa Kibuda, linapita begani upande mmoja. Mwalimu alipotuonyesha mara ya kwanza alitafuta neno akalikosa, akasema "hii kama Mmasai." Lubega, tukamwambia. Akaliandika kwenye kijitabu chake.

Kwa hiyo nimemkaba lubega, katikati ya Mtaa wa Kongo, kichwa chake kwapani mwangu. Alikuwa mwembamba mno. Moyo wake niliusikia ubavuni mwangu, unakimbia bila mwenyewe. Na shati lake lilinukia sabuni ya mche. Lilikuwa limepigwa pasi, mikunjo ya mkono bado imesimama. Kuna mtu alilifua lile shati, labda jana yake, akalianika, akalipiga pasi ya mkaa. Ndicho nilichokuwa nakiwaza, nakuapieni, pasi.

Neno "mwizi" sikulitamka mimi. Lilitamkwa juu yangu. Kwa pale chini niliona miguu tu: kandambili, raba, viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Mwanzoni walicheka. "Dada komando!" "Mkabe hivyo hivyo, dada!" Halafu kicheko kikaisha, mtu akauliza tofali liko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chenji. Teke la kwanza lilimpata yeye pajani. La pili lilinipata mimi muundi.

Ndipo aliponisemesha, mdomo wake uko karibu na sikio langu, sauti ya mtoto wa kiume inayovunjika:

"Dada, usiniachie."

Nikabana zaidi. Nikashusha uzito wote, nikainamisha kichwa changu juu ya chake, mgongo wangu ukabaki nje. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nimemzuia au nimemfunika, maana mkao ni ule ule. Nilianza kuhesabu, kama mwalimu alivyokuwa akituhesabia, ichi, ni, san. Siku hizo ilikuwa umkabe mtu chini sekunde 25 ndipo ushinde. Nilikuwa nimefika kumi na nne kitu kizito kilipomshukia kwenye goti. Akajikunja, na ule mkono wake uliokuwa huru ukanipiga mgongoni.

Pa. Pa.

Mkono wangu ukafunguka.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Alichomoka kama samaki, akapita katikati ya miguu, na ile miguu yote ikageuka pamoja. Kelele zikaelekea Msimbazi. Nikabaki nimekaa barabarani na mkoba wangu na kiatu kimoja. Mzee muuza tende akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki, kisha akashtuka, akaniuliza kama nimefunga. Nilikuwa nimefunga. Nikanywa. Ile siku niliilipa Shawali.

Baba alipeleka habari kijiweni, na kufikia Idi mosi kibaka wangu alikuwa jambazi mwenye panga, Idi pili wakawa wawili. Sikumsahihisha. Wageni walikuja kula biriani na kunitazama mikono.

Mwalimu peke yake nilimweleza yote, tumekaa ukingoni mwa godoro. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama vidole vyake vya miguu.

"Yeye gonga?"

"Amegonga, sensei."

"Mara mbili?"

"Mbili."

"Basi," akasema, akainuka kwenda kufunga madirisha. Nimelipima lile "basi" lake miaka yote hii. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, pengine hakuwa na neno lingine.

Yule kijana hakuwa amejifunza judo popote, hilo nalijua. Mtu akiumia hupiga chochote kilicho karibu. Mtaa wa Kongo nimepita mara nyingi tangu hapo, na yule mzee wa tende alikuwepo miaka kadhaa, ananisalimia kwa jina, ananiongezea tende mbili juu ya mizani. Ningeweza kumuuliza. Tulizungumzia bei.

Jumapili, baada ya chai, mtoto akarudi tena kwenye zulia. Sasa zamu yangu, shangazi, nionyeshe ya zamani. Nikamlaza, nikamkaba, kilo zangu zote hizi za leo. Akajaribu kuinua kiuno kama daraja, akajaribu kunipandisha mguu, akachoka. Akanigonga mgongoni mara mbili.

Nikatulia vile vile.

"Shangazi! Nimegonga!"

"Nimesikia."

"Sensei anasema mbili!"

"Kwangu ni tatu."

Akagonga ya tatu, anacheka, hana pumzi.