Swali la mwanahisa wa Wete

Msimu wa karafuu wa 2017, redio za Wete, Pemba, zilikuwa zikizungumzia dhahabu. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikuwa imeidai Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu iliyoorodheshwa katika masoko ya hisa ya London na Dar es Salaam, dola bilioni 190 za kodi, riba na adhabu. Mimi nilikuwa kwa mjomba, nikiandika utafiti wangu wa shahada ya uhasibu: kwa nini kampuni zilizo soko moja, zinazotozwa asilimia 30 ileile, hulipa kodi kwa viwango vilivyoachana mno?

Mjomba, mwalimu mstaafu, alikuwa na hisa chache za kampuni moja ya Bara. Kitabu cha hesabu za mwaka cha kampuni hiyo alikisoma kweli, hadi yale maelezo ya herufi ndogo ya mwisho ambayo wengi hawayafungui. Jioni moja, tulipokwisha kuanua karafuu, akaniita barazani.

"Hebu nieleze, mwanangu. Faida hii, na kodi hii. Mbona haikaribii thalathini kwa mia?"

Nikampa nilichosomeshwa. Kampuni kubwa humudu wataalamu wa kodi. Yenye mitambo mingi hukata uchakavu wake kwenye faida kabla ya kodi, iliyopata hasara huko nyuma huibeba mbele ipunguze faida inayotozwa. Na yenye deni hutoa riba kwanza ndipo faida itozwe, kwa hiyo kila shilingi 100 za riba huokoa shilingi 30 za kodi.

Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Deni hili la nani?"

Nikasoma. La kampuni mama, nje ya nchi.

"Basi mama kamkopesha mwanawe, na riba inarudi kwa mama."

Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huziwekea mpaka kampuni zilizo mikononi mwa wageni, deni lisizidi shilingi 7 kwa kila shilingi 3 za mtaji. Ndani ya mpaka huo, riba hukubaliwa.

Nikamkumbusha kuwa naye ni mwenye mali: kodi ikipungua, gawio linanenepa. Tafiti nyingi huanzia hapo hapo, kwamba wamiliki ndio wanaotaka kodi ndogo.

"Gawio napokea," akasema. "Ila nataka kujua limetoka kwenye biashara au kwenye kodi."

Mpaka leo sijasikia mwanahisa akiuliza swali zuri kuliko hilo. Faida ya biashara huenda ikarudi mwakani. Ile ya kupunguza kodi husimama maadamu sheria haijabadilika na TRA haijaja na madai, na wenye hisa za Acacia waliiona bei ikiporomoka mwaka uleule.

Usiku ule nikatenganisha, kampuni moja baada ya nyingine, mikopo ya benki na mikopo ya ndani ya kundi. Mjomba naye alikuwa akimwandikia mwenyekiti wa bodi, swali lisomwe kwenye mkutano mkuu: kampuni mama inatutoza riba kiasi gani, na benki ya hapa nchini ingetutoza kiasi gani?