Simu yangu naifunga kwa vifungo 14

Nianze na aibu, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Tandika, na kama mafundi wenzangu wote nimewahi kudanganya wateja. Jumapili moja mteja akanitumia meseji kuuliza gauni lake la sendoff. Nikamjibu, "Samahani sana dada yangu, nimepata msiba Mkuranga, niko njiani." Kitambaa chake kilikuwa hata hakijakatwa. Haikupita saa nzima nikaweka stetasi: miguu juu ya stuli, sahani ya chipsi mayai mapajani, na maneno "Jumapili tulivu". Naye akaandika: "Pole na msiba fundi. Chipsi za Mkuranga naziona tamu."

Utasema tatizo hapo ni uongo. Uongo niliuanza kabla sijamiliki simu ya tachi, nilifundishwa pamoja na kupima kiuno. Lakini zamani nilikuwa nadanganya kwa sababu kazi ni nyingi. Kufikia Jumapili ile nilikuwa nadanganya kwa sababu saa zangu zimeliwa na sijui nani kazila. Naingia Instagram kutafuta mshono wa bega moja, mteja mwenyewe amekaa pale kwenye benchi ananisubiri nimwonyeshe. Nikija kushtuka niko kwenye ugomvi wa wasanii wawili nisiowajua hata sura, nimeshasoma maoni ya watu mia mbili, mkaa wa pasi umekuwa majivu, na mteja ameaga zamani.

Ushauri nilipewa bila kuomba. Shoga yangu wa kikoba alisema nifute kila kitu, simu ni shetani mwenye kioo. (Ujumbe huo alinitumia kwa WhatsApp, sauti ya dakika nne.) Mpwa wangu, mtoto wa kaka, akaja na lake: "Shangazi, wewe tatizo huposti vya kutosha. Fanya laivu, onyesha unavyokata." Nikafanya laivu. Waliingia watu sita, wanne ni ndugu zangu, mmoja sikumjua, na wa sita ni mteja aliyekuwa ananidai blauzi tangu mwezi wa Ramadhani. Akanidai hapohapo mbele ya hadhara. Laivu ya pili sijaifanya mpaka leo.

Aliyenifumbua macho hakuwa mtu, ni mtambo kuharibika. Wenye kumbukumbu watakumbuka Jumatatu ile ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zote zilipozimika kwa mkupuo, kwa kuwa zote ni za tajiri mmoja. Huku kwetu jioni ilikuwa inaingia. Mimi kwanza nikadhani bando limeisha, nikanunua lingine. Nikazima simu, nikawasha. Nikachomoa laini, nikaipuliza kama watu tunavyopuliza kila kitu, nikairudisha. Nikamfuata mama chapati wa jirani nikamkuta naye anapuliza ya kwake. Tukacheka, nikarudi kukaa kwenye cherehani kwa kukosa pa kwenda. Baadaye ikajulikana ni wahandisi wao wenyewe, wakiwa kwenye matengenezo ya kawaida, ndio waliojikatia njia. Zilirudi kama saa saba usiku hivi. Zinarudi, mimi nimemaliza magauni mawili na sketi ya marinda, zipu zimeingia, pindo zimekaa. Sketi ile ilikuwa na wiki tatu chini ya meza. Niliitazama kama imeshonwa na mtu mwingine.

Wiki nzima nikawa naomba zizimike tena. Hazikuzimika. Ndipo nikamsikiliza shoga.

Nilifuta Facebook, nikafuta Instagram, na WhatsApp nikaitoa kwenye simu. Facebook wao hukupa siku 30 za kujuta: ukiingia kabla hazijaisha ukaghairi, akaunti inafufuka. Mimi nilifufuka siku ya tisa, nikajichukia, nikafuta upya. WhatsApp ndiyo nilishikilia, na ndiyo iliyoniua.

Ukiitoa WhatsApp bila kufuta akaunti, watu hawajui kama umeitoa. Wanaendelea kukuandikia. Kwao inaonekana tiki moja ya kijivu, basi, na mtu mzima akiona tiki moja anasema huyu hana bando, akipata atasoma. Hakuna anayepiga simu siku hizi. Mimi huku najisifu kimya kumeniingia nyumbani, kumbe kina mama kumi na mmoja wa sare za kicheni pati wananiandikia.

Kitambaa walikileta kabla sijafuta, kitenge cha Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kijani chenye maua ya dhahabu. Makubaliano: gauni refu, mikono mirefu ya kubana. Nikakata yote kumi na moja siku moja, nikashona kwa amani ambayo sijawahi kuionja. Ijumaa asubuhi akaja mwenye shughuli na wenzake wawili kuchukua, wanacheka, wamenunua na soda. Akafunua la kwanza. Kicheko kikakatika.

"Fundi, mikono si tulikwambia ya puto?"

"Mlimwambia nani?"

Akatoa simu akanionyesha. Picha tatu za mikono ya puto. Sauti ya dakika mbili. Vipimo vipya vya dada mmoja ambaye ni mjamzito na tumbo limeshatoka. Chini kabisa: "Fundi mbona kimya, tunaamini umeelewa." Zote tiki moja ya kijivu. Shughuli yenyewe kesho yake saa tisa alasiri.

Asiye fundi hajui uzito wake. Mkono wa puto unataka kitambaa kingi juu begani ukunje marinda. Mkono uliokwisha kukatwa wa kubana hauna cha kukunja, na kitenge kilichobaki kilikuwa vipande vya kushonea leso. Nilikaa chini kwenye kigoda nikaushika mkono mmoja nikaugeuza, nikaugeuza tena, mpaka akili ikaja: mkono ni mrefu. Nikate chini ya kiwiko, kile kipande cha chini nikichane katikati, nikipachike juu kama pembetatu mbili, mkono utapanuka begani na utakuwa mfupi wa puto. Maua hayatakutana kwenye mshono, lakini ukikunja marinda nani ataona? Nikatoa wembe, tukaanza kufumua. Mikono ishirini na miwili. Niliita fundi wa kibanda cha tatu, nikamwita binti ninayemfundisha kazi, mama chapati akaleta chai bila kuulizwa. Gauni la mjamzito nililiongeza ubavuni kwa ukanda mweusi, na niwaambie ukweli, ndilo lililopendeza kuliko yote. La mwisho lilipigwa pasi Jumamosi saa nane mchana na likapelekwa kwa bajaji. Sikumbuki vizuri nililipa kiasi gani kwa wote hao, ila najua kazi ile sikupata kitu, na nusu ya ufundi niliwarudishia.

Usiku huo nikairudisha WhatsApp. Meseji ambazo hazijafika wanazitunza siku 30 kabla ya kuzitupa. Mimi nilikuwa nimekaa nje siku 19, kwa hiyo zikaja zote. Simu ilitetemeka mpaka ikatembea mezani. Za kikoba, faini mbili nimeandikiwa za kutohudhuria. Za ukoo, baba mdogo kalazwa, katoka, na mimi sijasema hata pole. Kwa hiyo mtu akiniambia "futa tu", namuuliza kwanza kama ana ukoo.

Nikaona dawa si kufuta, ni kuiwekea ugumu wa kuifikia. Kushona najua. Basi nikashona.

Mfuko wa kwanza niliuwekea zipu. Upuuzi. Zipu kazi yake ni kufunguka haraka, na mimi nimeweka zipu maelfu, mkono unaifungua wenyewe macho yakiwa kwingine. Ulidumu nusu siku. Wa pili nikasema nitaukomoa: nikaitia simu ndani asubuhi nikapiga bandi mdomo wote, uzi mweusi mara mbili. Saa nne nimeshika wembe. Nikapiga bandi tena saa sita, saa nane wembe. Siku tatu nimemaliza nusu kibunda cha uzi, na nikakata kidole, na binti akawa ananitazama kwa jicho la kusema fundi wangu amerogwa.

Wa tatu ndio huu. Kitenge nje, ndani bitana nzito, katikati nimepachika vipande vya sponji ili mtetemo usisikike. Mdomo wake una vifungo vidogo vya blauzi 14, vile vya mviringo vinavyoteleza, na matundu nimeyatengeneza kwa mkono, nikayabana makusudi kila moja liwe dogo kidogo kuliko kifungo chake. Kufungua kunachukua dakika moja na nusu kama kucha ni ndefu, dakika mbili kama sivyo. Na uzuri wake ndio huo: ukifika kifungo cha tano unajikuta unajiuliza, hivi nafungua nikatazame nini? Mara nyingi jibu halipo. Unafunga vile vitano, unarudi kwenye pindo.

Laini ya wateja nimeihamishia kwenye kitochi, kile cha elfu ishirini na kitu, chaji inakaa karibu wiki. WhatsApp yenyewe inaendelea kwenye simu kubwa kwa namba ileile, bando naweka kwenye laini nyingine. Ikitaka kuhakikisha namba, tarakimu sita zinakuja kwenye kitochi, unazijaza, imekwisha. (Tarakimu hizo asipewe mtu, hata akijiita mhudumu, hata akijua jina la mama yako.) Pesa wateja wananitumia huko huko kwenye kitochi, menyu ya nyota na reli haijawahi kuhitaji intaneti.

Halafu nikaweka ile WhatsApp ya biashara, ambayo inajibu yenyewe ukiwa haupo: "Niko kwenye cherehani. Meseji nasoma saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. La haraka piga." Nilidhani simu zitaniua. Siku ya kwanza walipiga wawili, mmoja alikosea namba. Yaani haraka zote zile za "fundi uko wapi", "fundi jibu", ukimwambia mtu apige, anagundua anaweza kusubiri hadi saa saba.

Magrupu yote nimeyanyamazisha moja kwa moja, si ile ya kunyamaza kwa muda wa saa nane tu. La ukoo na la kikoba pekee ndiyo yanaruhusiwa kulia. Tiki za bluu nimezima, na hilo nalo lilizua neno, shemeji akasema najificha. Kwenye grupu tiki hizo hazizimiki, kwa hiyo kama unajificha kwenye kikoba, umeshaonekana. Picha kujipakua zenyewe nako nimezima. Bando lililokuwa linakatika kabla ya Adhuhuri sasa linalala. Mishono sitafuti tena kibandani mbele ya mteja: natafuta jioni, naipiga picha ya skrini, naihifadhi, mteja akija namfungulia picha zilizotulia. Akisema anataka kuona nyingine, namwambia akatafute kwenye simu yake, ya kwangu iko gerezani.

Mpwa wangu anasema nimepoteza wateja wa mtandaoni. Labda. Stetasi naweka moja kwa siku, gauni lililokamilika likiwa limevaliwa, saa kumi na mbili jioni wakati watu wako kwenye daladala wamekaa kwenye foleni ya Mbagala hawana la kufanya. Inafutika yenyewe baada ya saa 24 na mimi siifuatilii nani kaitazama. Ile ya kumchungulia aliyetazama niliiona inanila kuliko Instagram, kwa sababu unaanza kumnunia mtu aliyeona gauni na hakusema "hongera".

Sijapona kabisa. Usiku mfuko nauacha kibandani chini ya ufunguo siku za kazi, lakini Jumamosi naenda nao nyumbani na Jumamosi hiyo mnaweza kunikuta saa nane za usiku namtazama mwanamke wa Brazil anasafisha zulia. Vifungo 14 havinizuii kwa zulia.

Uongo kwa wateja umepungua, haujaisha. Wanne wameshanishonesha mifuko ya simu zao, elfu tano, vifungo juu yao. Wa kwangu kifungo cha tisa kiling'oka wiki iliyopita, na sasa mtu ukiingiza kidole pale unaweza kuichomoa simu kwa ubavu. Kukirudisha ni kazi ya dakika tatu. Nimeshajiambia nije kesho.