Siku moja ya nesi kwenye kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watoto vijijini, Chamwino, Dodoma

Saa 12 asubuhi. Kabla hata ya chai nafungua jokofu la chanjo. Kipimajoto kinasoma nyuzi 4. Mradi iwe kati ya 2 na 8, tuko salama. Naandika kwenye chati, kisha natoa vifuko vya barafu na kuviacha vitoe jasho mpaka nisikie maji yakicheza ndani. Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, ikiganda imeharibika, na kwa macho huwezi kuona haraka kwamba imeharibika. Ndiyo maana kazi hii simwachii mtu.

Saa 2. Bodaboda mpaka kijijini. Ni Januari, palizi imepamba moto, na kina mama tunaopishana nao wana majembe mabegani. Mhudumu wa afya wa jamii ameshaning'iniza mizani kwenye tawi la mbuyu. "Mbukwenyi!" nawasalimu kwa Kigogo. Wanaitikia kwa pamoja.

Saa 3 hadi saa 6 ni vichanga. Wa wiki 6, wa wiki 10, wa wiki 14, kila mmoja kwa ratiba yake: Penta, ya nimonia, matone ya polio na ya kuhara. Wa miezi 9 nao wanapata surua-rubella. Foleni ndefu, vilio vingi, mistari ya uzito kwenye kadi inapanda vizuri. Hawa hawaninyimi usingizi.

Wanaoninyima usingizi ni wasiokuja. Mtoto akishachomwa ya miezi 9, mama anasema "amemaliza chanjo," kumbe bado kuna surua-rubella ya pili, ya miezi 18. Na ni katika miezi hiyohiyo ndipo wengi wanaanza kuachishwa ziwa na kuingia kwenye sahani moja na kaka zao, ugali wa uwele kwa mlenda, mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba. Mama yuko shambani. Kilo zinasimama, chanjo inapita, na hakuna jicho la kliniki linaloona lolote kati ya hayo mawili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwangu mimi, kadi ya chanjo na mizani ni kazi moja.

Saa 8 mchana, tukiwa tunakaribia kufunga, anakuja bibi na mjukuu wa miezi 20 mgongoni. Shikamoo, marahaba. Kadi imekunjwa ndani ya nailoni. Mstari wa uzito umepanda mpaka miezi 10, halafu hakuna alama tena. Nazungusha utepe wa kupimia lishe mkononi: sentimita 12.1, rangi ya njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Nambonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Hakuna shimo lililobaki, hajavimba.

"Nesi mwanangu, huyu ni dhaifu. Sindano ataiweza?"

"Bibi, huyu ndiye wa kuchanjwa kwanza."

Namweleza kwamba surua ikimkuta mtoto aliyekonda inammalizia vitamini A, inaweza kumpofusha, inaweza kumuua. Kichupa nilichochanganya asubuhi kimekwisha, nafungua kipya cha dozi kumi kwa ajili yake peke yake. Zinazobaki zitamwagwa, kwa sababu kikishachanganywa hakitumiki zaidi ya muda wa saa sita. Silalamiki hata kidogo. Baada ya sindano namkamulia kidonge chekundu cha vitamini A mdomoni, nampa na dawa ya minyoo.

Halafu tunakaa chini kuzungumzia chungu. Bibi ana karanga, ana ufuta, kuku wanataga. Tunakubaliana: sahani yake mwenyewe, uji wenye karanga zilizosagwa, yai badala ya kuliuza, ale mara nne kwa siku. Namwandikia aje tumpime tena baada ya wiki mbili.

Saa 11 jioni niko zahanati, najaza rejista. Orodha ya waliovuka miezi 18 bila dozi ya pili nimeshamkabidhi mhudumu. Baadhi yao familia zimehamia mashambani kwa msimu. Kesho atawafuata kwa baiskeli ajue wako wapi, na wiki ijayo kibebeo cha chanjo na mizani vitakwenda hukohuko shambani.