Nilivyoacha kufungua zipu moja moja kwa mkono

Kazini kwetu vijana wa fildi kila jioni wanatuma picha na fomu zao zikiwa kwenye zipu (faili moja lililobana mafaili mengi), kila mtu na ya kwake, na mimi ndo wa kuzifungua zote kabla ripoti haijaanza kuandikwa. Sasa ukianza kubofya moja moja asubuhi inaisha na kazi yenyewe hujaigusa, ndo nikaamua CMD, lile dirisha la Windows la kuandika amri, inifanyie.

Ninatumia 7-Zip, ni ya bure, ya Igor Pavlov, ipo toka 1999 na inafungua zip, rar, 7z na nyingine kibao. Wengi wanaijua ile ya kubofya tu lakini ukishaiweka kwenye mashine ndani ya folda yake kuna 7z.exe, hiyo ndo unaiita kwenye skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe. Nimeandika kwenye Notepad, nikaseivu kwa jina la fungua.bat humohumo zipu zinamoshukia:

@echo off
cd /d "%~dp0"
if not exist tayari md tayari
for %%f in (*.zip) do (
"C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" x "%%f" -o"%%~nf" -aoa -pX && move "%%f" tayari || echo %%f>>shida.txt
)

Ile x ni muhimu sana, kuna watu wanaweka e, nayo inafungua ila inamwaga mafaili yote sehemu moja bila folda zake za ndani, na picha za fildi majina yanafanana balaa, kila simu ina picha_01 yake, kwahiyo zinafutana na hutajua ya kijiji gani imepotea. Ndo maana pia kuna -o"%%~nf", kila zipu inapata folda yenye jina lake, na hiyo -o haiachwi nafasi mbele yake, inagandana na jina. Alama za %% mbili ni za ndani ya faili la .bat, ukiandika moja kwa moja kwenye CMD unaweka moja tu. Nukuu usiziache maana kuna mtu lazima ataita zipu yake "data ya jumatatu" yenye nafasi katikati.

Lakini kilichonipa amani kwenye skripti hii ni zile alama && na ||. 7-Zip ikimaliza vizuri inarudisha namba 0, 1 ni onyo, 2 ni kosa kubwa, na && inaruhusu move pale tu namba ikiwa 0. Yaani zipu iliyofunguka sawasawa inahamia tayari, yenye tatizo inabaki palepale na || inaandika jina lake kwenye shida.txt, nampigia kijana namwambia mdogo wangu tuma tena ile ya jana, kabla hajafuta kwenye simu. Kwa zipu hili linatokea sana kwasababu orodha ya vilivyomo inakaa mwishoni mwa faili, intaneti ikikatika mkia haujafika inakuwa kama haina orodha. Nimeweka -aoa inayoandika juu ya vilivyopo, maana ile -aos inaruka faili lililopo hata kama lilifunguka nusu. Na -pX ni pasiwedi ya uongo, isiyo na pasiwedi inafunguka kama kawaida, yenye pasiwedi inagoma na kupita badala ya kusimamisha zote ikisubiri mtu aandike.

Ule mstari wa md usiutoe, kama folda ya tayari haipo move inabadilisha jina la zipu kuwa "tayari" afu inayofuata inaifunika. Na cd /d "%~dp0", inayoipeleka skripti kwenye folda ilipo yenyewe, inahitajika ukiipanga ijiendeshe usiku kwa Task Scheduler, bila hiyo inaanzia System32, folda ya Windows yenyewe, na haikuti zipu hata moja.

Mwenzangu mashine yake imefungwa, hawezi kuweka programu yoyote, kwake nimetumia amri ya tar ambayo Windows 10 inakuja nayo toka toleo la 1803, inafungua na zip pia. Unatengeneza folda kwanza kwa md "%%~nf" afu tar -xf "%%f" -C "%%~nf", zile && na || zinabaki vilevile.