Korona imeondoka, harufu haijarudi

Pua iko wazi, kamasi hakuna, lakini pweza anachomwa kando yako na hunusi kitu. Hapo tatizo liko juu kabisa ndani ya pua, kwenye kipande kidogo cha utando chenye miisho ya mishipa ya fahamu ya kunusa. Kirusi cha Korona hushambulia zaidi seli zinazoishikilia na kuilisha mishipa hiyo, kwa sababu ndizo zenye kipokezi cha ACE2, yaani mlango ambao kirusi hutumia kuingia ndani ya seli. Mishipa ikakosa matunzo, harufu inakatika.

Kwa hiyo tafadhali, nyungu si tiba ya hili. Mvuke hulegeza kamasi tu, na maji yale yameunguza watoto wengi.

Mishipa ya kunusa huota upya, taratibu, na inaweza kusaidiwa. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, walipima mazoezi ya kunusa kwa waridi, limao, karafuu na mkaratusi. Mtwara na Lindi tunaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Tafuta vichupa vinne vyenye vifuniko: kimoja pamba yenye marashi ya waridi, kingine ganda la limao lililokwaruzwa, kingine karafuu zilizopondwa, cha mwisho majani ya mkaratusi yaliyofikichwa. Nusa kila kimoja kwa sekunde 10 hadi 20, kwa pumzi fupifupi, huku ukiikumbuka harufu yenyewe. Pumzika kidogo, nenda kingine. Asubuhi na jioni, wiki 12 bila kukatisha. Ganda la limao libadilishe mara kwa mara; kwa joto letu linaota ukungu upesi.

Katikati ya safari kitunguu au kahawa inaweza kunuka kama uozo. Wengi huacha hapo, na inasikitisha, maana mara nyingi ni mishipa inayoota ambayo bado haijaunganika sawasawa. Endelea.

Wakati huo usiiamini pua: samaki mkague macho na matamvua, mtungi wa gesi upake povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu, funga gesi na ufungue madirisha.

Ila baada ya Korona ganzi ikianzia nyayoni na kupanda, miguu yote miwili ikilegea, au mdomo ukienda upande ghafla, achana na vichupa. Wahi hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara, au ya Sokoine kwa walio Lindi, saa hiyohiyo: udhaifu unaopanda ukifika kifuani, mtu hushindwa kupumua.