Siku tuliyochagua mita Tabora

Mwaka 2012 nilikuwa na kibanda cha ufundi redio Ng'ambo, pale Tabora mjini, na mezani kulikuwa na amplifaya ya kwaya iliyonikosesha usingizi. Ilikwishapita mikononi mwa mafundi wengine kabla yangu. Transista zake za kutoa sauti, 2SC5200 na 2SA1943, zilikuwa zinaungua, zinabadilishwa, zinaungua tena. Mimi nilikuwa nimefunga nyingine na ikalia safi, ila bati la kupozea lilipata moto hata sauti ikiwa imefungwa kabisa.

Fundi wa amplifaya akiona hivyo anajua pa kutazama: mkondo wa kutulia, ule unaopita kwenye transista wakati hakuna wimbo wowote. Unaupima kwenye rizista ya emita, ile iliyofungwa kwenye mguu wa transista unaoitwa emita. Katika mashine ile ilikuwa ya omu 0.22, kwa hiyo ukitaka miliampea 50 unatafuta milivolti 11. Milivolti 11, ndani ya mashine yenye volti 42 upande wa chanya na 42 nyingine upande wa hasi! Hapo ndipo mita, kile kifaa cha fundi cha kupimia volti, ampea na omu, inapopimwa kama ni mita.

Niliyokuwa nayo ilikuwa ile ndogo ya njano ambayo karibu kila fundi ameanza nayo. Ilinilisha miaka mingi na siitukani. Lakini swichi yake ya kuzungusha ilikuwa imechoka. Ukiigusa tu, 11 inakuwa 19, ukiiachia inarudi 8, na betri ikianza kuisha namba zote zinapanda kwa sababu kipimo chake cha ndani kinashuka pamoja na betri. Huwezi kurekebisha mkondo wa kutulia kwa namba zinazocheza.

Baba mdogo wangu alikuwa mstaafu wa reli, upande wa ishara na simu. Tabora mji wa reli, vijana wengi wa rika lake walipita huko. Yeye alijifunzia kazi kwenye avomita, ile iliyobuniwa Uingereza mwaka 1923 na Donald Macadie, mtumishi wa Posta aliyechoka kubeba kifaa kimoja cha ampea, kingine cha volti na kingine cha omu. Alikuwa nayo moja aliyonunua mnadani, nzito, mshale wake ukitulia unautazama kwa raha. Lakini skeli yake ya chini kabisa ya volti ilikuwa 2.5, na betri ya volti 15 inayohitaji kwa omu kubwa haikupatikana tena mjini. Kwa milivolti zangu haikufaa, na yeye ndiye aliyelisema hilo kabla sijalisema mimi.

"Utanunua mita," akaniambia. "Lakini usiende mikono mitupu."

Akachukua kopo tupu la maziwa ya unga akatia vitu ndani: betri mpya ya volti 9, betri ya tochi, rizista ya omu milioni moja, nyingine ya omu 100 isiyokosea zaidi ya asilimia moja, na dayodi 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Tukatembea hadi duka la vifaa vya umeme karibu na Soko Kuu. Ulikuwa msimu wa maembe, akina mama wameyapanga mafungu mafungu kandokando ya barabara, na baba mdogo hakununua hata moja. Akiwa na kazi kichwani huwa hali.

Dukani alikuwepo binti mmoja. "Shikamoo baba," akasema, "shikamoo kaka."

"Marahaba mwanangu. Tunataka mita, lakini tutazisumbua kidogo kabla ya kulipa."

"Zisumbueni tu baba, mradi msizivunje."

Akapanga nne kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa njano, ndugu ya ile yangu. Ya pili ya kijivu, haina makuu. Ya tatu kubwa, ina kioo kipana, inapima mpaka joto, na ubavuni imeandikwa CAT III volti 1000, yaani daraja lake la usalama. Ya nne ilifanana na ya pili ila ina taa na bei ya juu zaidi.

Baba mdogo alianza na betri ya volti 9. Kila mita ikasoma 9.3 au karibu sana na hapo, na binti akatabasamu kana kwamba mtihani umekwisha. Kumbe ndio ulikuwa unaanza. Akaunga ile rizista ya omu milioni moja kati ya betri na ncha nyekundu, akapima upya. Ya njano ikaonyesha 4.6. Zile tatu nyingine zikaonyesha 8.4.

Binti akashangaa. "Betri imeisha?"

"Betri ni ileile. Mita hii yenyewe inakunywa." Akamweleza taratibu, na mimi nikisikiliza kama vile sijui: upinzani wa ndani wa mita ya njano ni omu milioni moja, sawa na ile rizista, kwa hiyo wanagawana volti nusu kwa nusu. Zile nyingine zina omu milioni 10, zinachukua kidogo sana. Kwenye volti za moja kwa moja za pawasaplai tofauti hiyo huioni. Ukiingia kwenye hatua za mwanzo za amplifaya, ambako rizista ni kubwa na mkondo mdogo, mita inayokunywa inakupa namba isiyokuwepo, na unaweza kung'oa transista nzima kwa sababu yake.

Halafu akagusanisha ncha za kila mita kwenye skeli ya chini ya omu. Ya pili ilisimama kwenye 0.2 na kutulia. Ya nne ilicheza kati ya 0.8 na 1.9 kila alipozikunja nyaya karibu na shina la ncha. Waya umeoza ndani ya mpira ukiwa mpya dukani! Ya nne ikasogezwa pembeni. Vipimo vilivyobaki, vya rizista ya omu 100 na dayodi, vilipita bila maneno. Dayodi ikasoma 0.57 upande mmoja na kukataa upande wa pili, kama inavyotakiwa.

Ile kubwa ndiyo niliyoitamani, sitaficha. Baba mdogo akamwomba binti bisibisi.

"Jamani baba, mpaka mfungue?"

"Nafungua kifuniko cha betri tu, mwanangu. Fyuzi ziko hapo."

Zilikuwa fyuzi ndogo za kioo, nyembamba kama za redio ya gari. Tundu la ampea 10 halikuwa na fyuzi kabisa, waya umekwenda moja kwa moja. Ubavuni volti 1000, tumboni kioo. Ukikosea tundu ukapima umeme wa ukutani, volti 230, fyuzi ya namna ile inaweza kupasuka na cheche ikaendelea kupita ndani, mkono wako ukiwa juu yake. Tukafungua ya pili: fyuzi za kauri zenye mchanga ndani wa kuzima cheche, zote mbili, moja ya miliampea na moja ya ampea 10. Betri zake zilikuwa mbili ndogo za kawaida, zile ambazo hata Sikonge unazipata dukani. Hilo mimi nalihesabu kuwa jambo kubwa. Mita isiyopatiwa betri ni pambo.

Nilikuwa na swali langu moja pia. Wateja wengi wa vijijini wanaendesha amplifaya kwa inveta za sola, na inveta za bei nafuu hutoa wimbi la mraba. Mita inayokisia kwa wastani husoma wimbi hilo juu kwa asilimia 11. Volti 230 zinaonekana 255, na unamwambia mtu inveta yake mbovu wakati ni nzima. Ya kijivu ilikuwa inapima thamani halisi ya wimbi lolote. Nikatoa elfu tisini. Binti akapunguza elfu tano, kisha akamwomba baba mdogo amwachie ile rizista. Akampa, akamwonyesha tena jinsi ya kuiunga.

Kibandani tuliunga kwanza balbu ya wati 100 kwenye njia ya umeme, iwe kinga kama kuna shoti. Ikawaka mara moja, ikafifia, ikazima. "Sasa iondoe," akasema, "volti ziwe kamili." Alinikataza nisishike ncha kwa mkono, nikabana vibanio kwenye miguu ya rizista mashine ikiwa imezimwa, maana ncha ikiteleza pale inaunganisha volti 84 na transista mpya zinakwenda. Nikawasha.

Kwenye spika, ambako bila wimbo volti zinatakiwa kukaribia sifuri, kulikuwa na milivolti 23 tu, sawa. Kwenye emita: 38. Namba haikutikisika. Hiyo ni miliampea zaidi ya 170, kama wati 14 za joto kwa kila jozi, bila hata mtu kuimba. Nikazungusha prisiti, ile rizista ndogo ya kurekebishia mkondo, kwa bisibisi ya plastiki, polepole, 30, 22, 15, 11. Tukasubiri ipate joto. Ikapanda mpaka 14, nikairudisha 11, tukasubiri tena mpaka ikakubali kukaa. Halafu upande wa kushoto, vivyo hivyo.

Jioni mwalimu wa kwaya alikuja na baiskeli. Aliweka kiganja kwenye bati la kupozea, akakiacha pale, akauliza kama tumeiwasha kweli.